Meza Nyeusi za Clovis

Habari ya mikono ya Bulaimu ilikataa kumtoka Mama Sidonie kichwani.

Aliisikia sokoni Kasongo, kwa muuza mawese. Kule Kabambare iko mtu mmoja anaitwa Bulaimu, mwenye resitora, nyumba ya kuuza chakula. Fundi Clovis alimtengenezea resitora hiyo ikawa nzuri kupita zote, meza nyeusi, zinang'aa kama macho ya paka. Mwaka haukuisha, mikono ya Bulaimu ikaanza kutetemeka. Leo hawezi kumimina chai bila kuimwaga. Muuza mawese akainama, akasema kwa sauti ndogo: fundi anafungia ulozi, uchawi wake, ndani ya meza. Anayezimiliki, mikono inaondoka.

Na Clovis huyo huyo ndiye aliyemaliza juzi resitora ya Olga.

Olga, binti wa mwisho wa Mama Sidonie. Olga mwenye mimba ya miezi saba, baada ya mbili zilizotoka kabla hazijafika miezi minne.

Ndiyo maana wiki iliyopita tulimuacha mama huyo katikati ya resitora, saa tatu ya asubuhi, shoka juu ya kichwa, na Olga amejilaza juu ya meza kubwa kuikinga.

Shoka likashuka.

Kwaa!

Olga akapiga kelele. Wapita njia wakasimama. Lakini shoka halikumgusa. Lilikata pembe ya meza, kipande kikaruka hadi mlangoni.

"Mama! Unataka kuniua?"

"Sikuui weye. Naua meza."

"Meza inakufaka?"

"Hii itakufa leo. Ondoka hapo juu!"

"Leo? Leo, mama? Leo siku ya wageni?"

Hapo Olga alikuwa na haki. Siku hiyo ndiyo resitora ilikuwa inafunguliwa, na watu wa kwanza kula humo walikuwa wageni kutoka Kabambare, watu makumi tatu, waliokuja kumchukua bibi arusi wa mtaa ule. Wakila vizuri, jina la Olga litarudi nao hadi kwao. Wakila vibaya, litarudi vilevile.

"Wageni watakaa chini kwenye mikeka," Mama Sidonie akasema. "Mimi na meza hii hatulali mtaa mmoja."

"Mama Sidonie."

Sauti ilitoka nyuma. Clovis aliingia polepole, brashi ya nyuzi za mugazi, ule mti wa mawese, chini ya kwapa, mikono yote miwili ndani ya mifuko ya suruali. Tangu aingie kwenye hadithi hii mikono yake imekuwa mifukoni. Sisi wote tulisema ni maringo.

"Mama, angalia vizuri kabla hujavunja," akasema. "Umeona kitu cha kiwandani humu ndani? Hata kimoja? Viti ni vya kekele, kamba za msituni. Ukuta umepakwa udongo mweupe wa Nyangwe, haunuki, hauumizi kifua. Kule juu nimeacha matundu, hewa inapita yenyewe, Olga hahitaji jenereta kwa kupata baridi. Na mbao za meza hizi ni za lori lililokufa kwenye barabara ya Kabambare. Zilikuwa zinaoza kwenye matope. Kitu cha hapa hapa, kilichotupwa, mimi nakipa maisha ya pili."

"Na mikono ya Bulaimu, umeipa maisha ya ngapi?"

Clovis akabana brashi kwapani.

Mlangoni Zéphirin, mume wa Olga, aliyekuwa anafuta pikipiki yake, akacheka peke yake. Kisha akaona uso wa mama mukwe, akaacha.

"Nakuuliza weye, fundi. Bulaimu wa Kabambare. Unamujua ao humujui?"

"Namujua."

"Anatetemeka?"

"Wanasema."

"Toa mikono kwenye mifuko."

"Mama, nasikia baridi."

"Baridi? Hapa Kasongo? Mwezi huu? Hata mbuzi wanahema! Toa mikono!"

Clovis alimtazama Olga. Alitazama mlango. Zéphirin alikuwa amesimama hapo. Basi akaitoa.

Mikono ilikuwa inatetemeka.

Haikuwa ya mtu mwenye woga. Vidole vilikuwa vinakwenda vyenyewe, kila kimoja na njia yake, kama vya mtu anayehesabu shanga ambazo hazipo. Brashi ilianguka. Clovis akainama kuiokota, akaikosa mara mbili.

"Clovis!" Olga akasema. "Uliniambia ni kahawa nyingi."

"Niliogopa kukuambia."

Mama Sidonie alisimama na shoka lake. Usiku mzima alikuwa amejitayarisha kumkuta mlozi. Sasa mlozi huyu anashindwa kuokota brashi. Ni mlozi gani anayejiloga mwenyewe?

"Tangu lini?" akauliza, na sauti ikashuka bila yeye kupenda.

"Mwaka wa pili sasa. Ilianza na mukono wa kuume. Sasa hata kutembea, miguu inakataa kugeuka upesi. Mama, kama ni ulozi, basi ulianza na mimi."

Mama Sidonie akakaa. Alipokaa aliweka kiganja kwenye pembe iliyokatwa na shoka. Alipokiinua kilikuwa cheusi.

Akakisugua kwenye kitenge. Weusi hautoki.

Akakinusa.

Kama si kile kiganja, leo tungekuwa tunaandika habari nyingine.

Maana harufu ile Mama Sidonie aliijua. Alisoma hadi darasa la sita la shule ya msingi, hakuendelea, lakini darasa lile hakulisahau. Kila mwisho wa mwezi, mwalimu Abedi alichagua watoto wanne wa kutia ubao weusi. Walipewa mawe ya redio, yaani betri, yaliyokufa. Waliyapasua kwa jiwe, wakatoa ule unga mweusi, wakautwanga, wakachanganya na maji ya sombe, yale majani ya muhogo, wakapaka ubao. Ubao ukawa mpya. Na mwalimu Abedi aliwafukuza mtoni na fimbo: nawa mikono, nawa tena, atakayelamba kidole nitamchapa.

"Clovis," akasema. "Hii rangi ni mawe ya redio."

Clovis akashangaa. "Ndiyo, mama. Ya redio, ya tochi, yote. Watu wanayatupa ovyo kwenye bustani na visimani. Mimi nayaokota. Rangi ya dukani inatoka mbali na inanuka. Hii ni ya bure, na mchwa hawaipendi. Natia na maji ya sombe, nasugua na mshumaa, inang'aa..."

"Mchwa hawaipendi! Na weye hukujiuliza juu ya nini mchwa hawaipendi?"

Akamnyoshea fundi kile kiganja cheusi mbele ya uso.

"Unga huu nani anautwanga?"

"Zamani ni mimi."

"Na sasa? Na mikono hii?"

Clovis akatazama chini. Aliyejibu ni Olga, ameshika kiti.

"Nilimusaidia kidogo, mama. Alikuwa anashindwa. Meza ni zangu, nikasema acha nitwange mwenyewe."

"Mara ngapi?"

"Asubuhi, asubuhi. Wiki tano."

"Wapi?"

"Kule nyuma. Chini ya paa la jikoni, kwa kukimbia mvua."

"Ndani ya nini, Olga?"

Olga akafungua mdomo. Kabla hajasema, jibu likatoka jikoni lenyewe.

Tu. Tu. Tu.

Rosine, wifi yake, alikuwa anatwanga sombe ya harusi.

"Kinu kiko kimoja tu, mama," Olga akasema. "Lakini tunakioshaka. Haki ya Mungu tunakioshaka!"

Mama Sidonie alikuwa amekwisha kufika jikoni. Sufuria mbili kubwa zilikuwa juu ya moto, sombe na mawese na samaki ya kukausha, harufu ya kumfanya mtu asahau deni na ugomvi. Rosine akasema, "Karibu, mama, onja chumvi." Hakumaliza. Sufuria ya kwanza ilikuwa imelala chini. Ya pili ikafuata, na kinu kikaingia motoni.

"Mama mukwe!" Zéphirin alishika kichwa. "Sombe ya watu makumi tatu!"

Na wakati huo huo, nje, honi.

Pi! Pi! Piii!

Pikipiki za Kabambare zilikuwa zinaingia mtaani, kumi na tano, matope hadi kwenye taa. Watu walikuwa njiani siku mbili. Walivuka madaraja ya miti wakiwa wamebeba viatu mkononi. Mbele kabisa, nyuma ya dereva wake, alikaa mzee mwembamba amevaa kofia nyeupe, amefunga mikono yake miwili ndani ya kitambaa.

"Yule ni baba mukubwa wa bwana arusi," Zéphirin akanong'ona. "Ni Bulaimu."

Mama Sidonie akaangalia kiganja chake cheusi.

"Sikilizeni," Zéphirin akasema haraka. "Tuseme sombe imeungua. Tutafute kuku, tutafute wali. Habari ya meza tunyamaze leo, kesho tutaona. Wakijua leo, resitora imekufa kabla ya kuzaliwa."

"Zéphirin, mume wangu, waingie waegemee meza hizi?"

"Kuegemea siku moja hakuui mutu!"

"Salam aleko hapa ndani!"

Mzee Bulaimu alikuwa mlangoni. Alitabasamu, akainua uso kuangalia mikeka ya ukutani, mianzi ya dari, viti vya kekele. Kisha macho yake yakashuka kwenye meza.

Tabasamu likafa.

Akasogea. Akaweka mikono yake juu ya meza, kitambaa na vyote, na mikono ikaanza kuigonga. Tatatata. Tatatata. Kama mvua inayoanza juu ya mabati. Watu waliokuwa nyuma yake wakasongamana mlangoni, makumi tatu, na njaa yao.

"Ninazijua hizi," Bulaimu akasema. "Yuko wapi?"

Clovis alikuwa amejibanza nyuma ya mkeka wa mlango wa jikoni. Lakini mkeka nao ulikuwa unatetemeka.

"Huyu hapa!" kijana mmoja wa Kabambare akamvuta kwa shati. "Mulozi! Umemaliza kwetu, umekuja kwao!"

Viti vikainuka. Vile vizuri, vya kekele, vyepesi, vikainuka kama vijiti. Mwingine alikuwa na jiwe. Clovis hakukimbia. Miguu ilikuwa haigeuki upesi, alikwisha kusema mwenyewe.

Ndipo Mama Sidonie alipopita katikati ya watu na shoka lake.

Wakafikiri anakwenda kumkata. Wakampisha njia. Akafika mbele ya Clovis, akageuka, akampa yeye mgongo na wao uso.

"Wa kwanza kumugusa, nakata kidole chake cha mguu. Mimi ni mama mukubwa, siogopi gereza. Papa Bulaimu, samahani, nauliza maneno mawili tu. Zile meza zako, rangi nani aliitwanga?"

"Mimi mwenyewe. Nilitaka ziwe nyingi. Miezi mitatu nilitwanga."

"Ulitwangia wapi?"

"Mke wangu alinikataza kinu chake. Alikipigania kama mutoto. Basi nilijifungia ndani ya chumba na kinu cha zamani, mlango na dirisha nimefunga, unga usiruke na upepo."

"Na mke wako anakula juu ya meza zile?"

"Kila siku. Miaka miwili."

"Mikono yake?"

Bulaimu akafikiri. Watu wote waliona anavyofikiri.

"Mizima," akasema polepole. "Inashona. Inatia uzi ndani ya sindano, mara moja tu."

"Na wateja wako?"

"Wazima."

"Basi ulozi gani huo, unamuacha mke, unawaacha wateja, unachagua mutwangaji tu? Clovis alitwanga, anatetemeka. Weye ulitwanga, unatetemeka. Ni vumbi, Papa! Ni vumbi la mawe ya redio, mulilivuta hadi ndani ya damu! Mwalimu wangu alitukataza hata kulamba kidole."

Kiti kimoja kikashuka. Kingine kikafuata. Bulaimu akamtazama Clovis, na Clovis akamtazama Bulaimu. Mikono minne inatetemeka, hakuna aliyeweza kumnyoshea mwenzake kidole kikatulia.

"Mwaka mzima nimekulaani kila sala," Bulaimu akasema.

"Nilikuwa nasikia, Papa. Hata mimi nilikuwa najilaani."

Mtu fulani nyuma akacheka, wengine wakamfuata, kile kicheko cha watu waliotoka kwenye hatari. Rosine akaingia na mikono kiunoni. "Kwa hiyo sombe imemwagika, kinu kinachomwa, na meza ni mbaya. Basi nipikie ndani ya kofia ya Papa Bulaimu?" Hapo wakacheka kabisa. Jirani mmoja akaleta kinu chake. Mwingine akaleta kuku wawili wamefungwa miguu. Vijana wa Kabambare wakazibeba meza nyeusi nje, mdomo umefungwa kwa kitambaa kama alivyoamuru Mama Sidonie, wakatandika mikeka chini, kitu ambacho hata babu zao wangekula juu yake bila aibu. Resitora ikaonekana kubwa zaidi bila meza.

Mama Sidonie akaacha shoka, kwa mara ya kwanza tangu alfajiri.

Kisha akakumbuka.

Wiki tano. Asubuhi, asubuhi.

"Olga! Nyosha mikono!"

Kicheko kikakatika. Olga akanyosha mikono yake miwili mbele ya watu wote, vidole wazi. Zéphirin akaweka jani la mgomba juu ya viganja, kama alivyoagizwa, ili kutikisika kuonekane.

Jani likatulia.

Wakangoja. Likazidi kutulia. Nzi akatua juu yake, akajisafisha miguu, akaondoka.

"Mungu asante!" Mama Sidonie akapiga magoti. "Mutoto wangu ni mzima! Ni mzima!"

Wanawake wakapiga vigelegele. Bulaimu akafuta jicho kwa kitambaa cha mikono. Rosine akaanza kucheza, kijiko mkononi.

Olga peke yake hakucheka. Alikuwa bado amesimama na jani lake. Akaliweka chini taratibu, kama kitu kinachoweza kuvunjika, akaweka kiganja kwenye tumbo, upande wa kushoto, pale ambapo kila asubuhi alikuwa anapigwa teke.

"Mama," akasema.

"Sema, mama yangu."

"Mikono iko mizima. Lakini mutoto... Nilifikiri analala. Nilikuwa na kazi nyingi, sikuhesabu."

"Sema!"

"Tangu jana magaribi hajacheza."

Pikipiki ya Zéphirin ikawaka kabla ya mtu kuomba. Olga katikati, mama yake nyuma, amemkumbatia tumbo kwa mikono yote miwili, mmoja kati yake bado mweusi. Barabara ya hospitali ina mashimo, na kila shimo Mama Sidonie alibana, akasikiliza kwa viganja, akangoja teke moja tu. Shimo la kwanza. La pili. La tatu.

Wakati wako njiani, hadi wiki ijayo, ninyi mnaotengeneza resitora na vibanda, na ninyi mama zao, haya muyaepuke:

Unga wa mawe ya redio na ya tochi, usipake meza, wala ukuta, wala ubao wa shule. Ukitaka weusi, omba seremala akuonyeshe mwingine.

Mawe hayo usiyapasue hata kwa mchezo, na usiyatupe kisimani.

Mafuta machafu ya pikipiki, usipake nguzo za ndani kwa kuzuia mchwa. Watu wanakula humo.

Pipa usilolijua lilibeba nini, usigeuze kiti, wala meza, wala pipa la maji.

Rangi yoyote, usiitwange ndani ya nyumba iliyofungwa.

Kinu cha chakula, kisiguswe na kazi nyingine. Kinu kikiguswa, choma.

Kazi ya vumbi, mwenye mimba asiifanye. Hata kama ni meza zake. Hata akisema anasaidia kidogo.

Fundi akificha mikono, usiseme ni maringo. Muulize.

Usipoteze wiki nzima unatafuta mlozi.

Na mtoto akinyamaza tumboni, usifikiri analala.